Umeme, sola au gesi: zamu yako ya chama ikifika, uanze na lipi?

Chama chetu hapa Langoni, mjini Lamu, kina wanawake kumi na watano, na kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 1,000. Mwenye zamu huondoka na 15,000. Zamu ya shangazi yangu ilipofika, aliziweka zile noti mapajani, akanitazama na kuniuliza: "Mwanangu, niingize umeme wangu mwenyewe, ninunue sola, ama niache makaa nipike kwa gesi?" Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo hilo Wiyoni, Matondoni na hata Mokowe, mara nyingi na watu ambao wameshatembelewa na muuzaji mmoja au wawili, na kila muuzaji kawaapia kuwa bidhaa yake ndiyo inayosaidiwa na serikali.

Zote zinasaidiwa. Ila msaada wenyewe haufiki mkononi kama zile 2,000 za Inua Jamii wanazolipwa wazee waliotimiza miaka 70. Umefichwa ndani ya bei. Mahali pengine ni ada iliyoshushwa, pengine ni ruzuku aliyokwisha kuipokea muuzaji, pengine ni kodi ambayo haikutozwa. Asiyejua umekaa wapi hulipa bei nzima na kurudi nyumbani akidhani kasaidiwa.

Aliye na ndugu Marekani huenda amesikia kuwa serikali ya huko, tangu 1976, ina mpango wa kuziba nyufa na kuvika kuta za nyumba za watu wa kipato cha chini ili joto lisitoroke. Huku kwetu hakuna fundi wa serikali atakayekuja kukuzibia ukuta, na adui yetu si baridi. Sisi tunaumizwa na bei ya makaa, moshi wa jikoni, na nyumba ya mabati inayochemka saa nane mchana.

Pima haya kabla hujatoa hata shilingi

Nitazipima njia zote kwa mambo yale yale. Kwanza, fedha ya kuanzia, pamoja na ile ambayo muuzaji haitaji. Pili, matumizi ya kila mwezi. Tatu, nyumba yenyewe: ni yako au umepanga, ni ya mawe, ya udongo, ya makuti au ya mabati. Nne, kifaa kikiharibika ni nani atakayekitengeneza, na yuko kisiwa gani. Tano, moshi na joto.

Kabla ya yote hayo, chukua daftari na uandike kwa wiki moja kila shilingi inayokwenda kwenye makaa, kuni, mafuta ya taa, tokeni, betri na kuchajisha simu. Shangazi aliandika. Alikuwa na hakika kuwa taa ndizo zinazommaliza, maana kununua tokeni humuudhi. Siku ya saba tukajumlisha: kwa kila shilingi moja ya taa na simu, jiko lilikuwa limekula karibu nne. Yeye hukaanga mahamri ya kuuza kila alfajiri, kwa hiyo nyumba yako haitafanana na yake. Lakini nyumba ambazo nimeona daftari zao, nyingi zimeelekea huko huko.

Umeme wa gridi

Hadi 2015, kuunganishiwa umeme kulimgharimu mwananchi shilingi 35,000. Mradi wa Last Mile ukaishusha ada hiyo hadi 15,000, na ukaruhusu ilipwe kidogo kidogo pamoja na matumizi. Hapo ndipo ulipo msaada wa kwanza. Sharti lake ni umbali: mradi uliwalenga walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma iliyoteuliwa. Mita 600 ni kama hatua 800 za mtu mzima, basi tembea uhesabu, kisha uende ofisi ya Kenya Power uulize kama transfoma yenu imo. Kama haimo, ada hiyo si yako, na yeyote anayekuahidi kukuingiza kwa mlango wa nyuma anataka fedha zako.

Ile 15,000 haikutandikii nyaya ndani ya nyumba. Waya, swichi, soketi na mkono wa fundi ni juu yako. Kwa nyumba ya udongo au ya makuti kuna redibodi, yaani ubao mmoja uliokwisha fungwa kila kitu: soketi, swichi na mahali pa balbu. Nyumba ya chumba kimoja au viwili huanza nayo vizuri kabisa.

Msaada wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu huja kila mwezi, na ndio unaopotea kwa wengi. Bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi tatu. Ngazi ya chini kabisa ni ya wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, inafuata ya hadi 100, kisha ya wanaozidi hapo. EPRA, mamlaka inayosimamia bei ya umeme, ilipopanga bei Aprili 2023, yuniti moja iliwekwa shilingi 12.22 kwa ngazi ya chini, 16.30 kwa ya kati na 20.97 kwa ya juu, kabla ya tozo na VAT. Bei hubadilika, lakini elewa mpango wenyewe. Ngazi yako hupatikana kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo ukijiachia mwezi wa arusi, ule mwezi unaingia kwenye hesabu.

Basi tuhesabu. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula yuniti 36 kwa mwezi. Hujachaji simu, hujawasha feni, na ngazi ya chini imeshakuponyoka. Balbu nne za LED za wati 9, kwa saa zile zile, hazifikishi yuniti sita. Ongeza feni ya wati 60 kwa saa nane za usiku, yuniti 14 na ushei. Ongeza simu na redio. Bado uko chini ya 30, na hewa unapata. Ukileta friji ndogo inayokula kama yuniti moja kwa siku, ujue umehamia ngazi ya kati. Si kosa, hasa kama unauza juisi au barafu, lakini uhamie ukijua.

Mimi mwenyewe niliupoteza msaada huu mwaka mzima bila kujua. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya familia tatu zenye mita moja, na kila mmoja akimpa mwenye nyumba fedha ya tokeni. Kila familia ilitumia kama yuniti 25, ambazo ni za mtu wa ngazi ya chini. Lakini mita haijui familia; ilihesabu 75, na sote tukalipa bei ya ngazi ya kati. Kama umepanga na mita ni ya pamoja, hilo ndilo jambo la kwanza la kuzungumza na mwenye nyumba, kabla ya sola wala gesi.

Kuhusu nyumba: aliye ndani ya Mji wa Kale, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, akaulize Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa ukuta wa nje au kupitisha nyaya juu ya mlango wa kuchonga. Kuta zetu za mawe na chokaa ni nene, na fundi asiyezijua huzibomoa akitafuta njia ya waya.

Kikiharibika kitu, nguzo na mita ni za kampuni, si zako, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini umeme wetu unasafiri njia ndefu kutoka Rabai, Malindi na Garsen hadi kufika Lamu, na laini ikikatika huko bara, huku tunakaa gizani. Tofauti na enzi za jenereta za dizeli, hakuna wa karibu wa kumwendea.

Kwa moshi, umeme huondoa koroboi na kandili. Jiko linabaki palepale, ila ukinunua sufuria ya umeme ya presha, ambayo Kenya Power yenyewe imekuwa ikiitangaza kwa kampeni ya Pika na Power. Kwa maharagwe, kunde na nyama ngumu hakuna kinachoishinda, kwa sababu huchemka, hujifunga, na hukaa na joto lake bila kuendelea kula umeme mwingi. Kwa chapati na mahamri, haikufai.

Sola ya nyumbani

Hapa msaada umekaa mahali pawili. Vifaa vya sola vilitozwa VAT mwaka 2020, kisha vikaondolewa tena kodi hiyo 2021. Na kuna KOSAP, mradi wa Wizara ya Kawi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150 kuanzia 2017, kwa kaunti 14 zilizosahaulika na gridi. Lamu imo, na Kilifi ya wenzetu wa Malindi imo. Chini ya mradi huo, kampuni za sola zilipewa ruzuku na mikopo ili zifike mahali ambapo vinginevyo zisingekwenda. Ruzuku anaipokea muuzaji, wewe unatakiwa kuiona kwenye bei. Kwa kuwa mradi wa namna hii una muda wake, muulize wakala waziwazi, mbele ya shahidi: "Bei hii ina ruzuku ndani yake au haina?" Na umwombe bei mbili, ya taslimu na ya kulipa kila siku kwa simu. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, uongeze ile arubuni ya mwanzo, ndipo uone unanunua kwa shilingi ngapi.

Kuanza ni rahisi kuliko umeme, na ukishamaliza kulipa, mwezi haukudai kitu. Hilo ni jambo kubwa kwa mvuvi ambaye kusi ikivuma hatoki baharini. Lakini kabla ya kumaliza, ukikosa kulipa, mtambo hujifunga na nyumba inarudi gizani, na msimu wa kusi ndio mtu hukosa. Muulize wakala kama kuna nafasi ya kusimamisha malipo.

Na ujue unachonunua. Seti ya kawaida inawasha taa tatu au nne, inachaji simu na inapiga redio. Iliyo kubwa zaidi ina televisheni. Haipiki, na haigandishi samaki. Nimeona watu wa Kizingitini wakivunjika moyo kwa sababu hiyo tu, kwani waliambiwa "umeme wa jua" wakafikiri ni umeme wa kila kitu.

Kwa nyumba, sola haina habari na transfoma, na mpangaji akihama huibeba. Paa la makuti halishiki paneli; simamisha nguzo kando, mbali na kivuli cha mnazi. Hapa Lamu tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo paneli ilale karibu tambarare, iinamishwe kidogo tu upande wa kaskazini ili mvua iisafishe. Chumvi ya bahari ndiyo inayoua sola pwani. Kila baada ya wiki mbili ifute kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa, na viungio vya waya uviangalie. Vikianza kuota kijani, visugue kabla havijakatika. Betri huchoka baada ya miaka kadhaa, basi uliza mapema inauzwa wapi. Kama jibu ni Mombasa, ongeza nauli kwenye hesabu yako.

Joto na moshi: koroboi inaondoka, na kwa nyumba ya makuti hilo peke yake lina thamani isiyosemeka. Mafuta ya taa nayo si rahisi tena tangu serikali ilipoyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita Septemba 2018.

Gesi

Msaada wake ni kodi. VAT ya gesi ya kupikia iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, na ikaondolewa tena 2023. Kulikuwa pia na mpango wa serikali wa kuwauzia wenye kipato kidogo mitungi ya kilo 6 kwa bei ya chini, lakini ukakwama kwa mitungi iliyoonekana kuwa na kasoro. Kwa hiyo leo msaada wa gesi humfikia yule tu ambaye tayari ana mtungi, kila anapojaza. Mzigo wa kuununua mtungi wenyewe ni wako, na ndipo chama kinapokuwa na maana.

Matumizi ya mwezi yanategemea mkono wa mpishi kuliko familia. Loweka kunde usiku kucha, funika sufuria, punguza moto chakula kikichemka. Shangazi alikuwa akiacha mwali ulambe ubavu wa sufuria, akisema moto mkubwa hupika haraka, na wiki ya kwanza gesi ikaenda mbio. Tulipoushusha mwali mpaka ukakaa chini ya kitako, mahamri yakaumuka vilevile.

Shida ya gesi ni kuwa fedha hutoka kwa mkupuo. Makaa unanunua kopo moja leo, kopo moja kesho. Gesi ikiisha saa kumi na mbili jioni na huna fedha ya mtungi mzima, unarudi kwenye makaa. Ndiyo sababu nyumba nyingi hapa zina vyote viwili, na sioni aibu katika hilo.

Kuhusu nyumba, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini. Nyumba zetu za mawe zina madirisha madogo na ukumbi wa chini usiopita upepo, basi mtungi usiuweke huko. Wazee walipika juu, darini, chini ya makuti, ili moshi utoke. Pandisha mtungi huko huko, kivulini, upande wenye hewa na mbali na makuti yenyewe. Povu la sabuni kwenye kiungio cha mpira hukuonyesha kama kuna uvujaji.

Na ununue kwa wakala anayejulikana. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024, ulitokea kwenye kituo kisicho na kibali. Uzito mtupu wa kila mtungi umechapwa juu yake. Mwambie muuzaji aweke mtungi kwenye mizani mbele yako, na tofauti iwe kilo 6 kamili. Asiye na mizani mwache. Kwa Faza, Siyu na Ndau, uliza pia nauli ya boti ya kwenda na kurudi na mtungi, maana hiyo ndiyo inayoamua kama gesi ni nafuu au si nafuu.

Moshi hakuna. Kwa aliye na mtoto mchanga jikoni au mama mwenye kifua, jambo hili lisikae mwisho wa hesabu.

Na lile jiko ambalo hakuna aliyeniuliza

Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi hadi nusu likilinganishwa na la bati tupu. Majiko bora nayo yalikuwemo kwenye ruzuku ya KOSAP. Fedha ya kuanza ni ndogo kuliko zote, mpangaji hulibeba, na fundi wake hayuko mbali. Udongo ukipasuka, libadilishe mapema, kwani likishapasuka linakula makaa kama la zamani. Moshi unapungua, hauishi, na hewa ya makaa bado inaua chumbani kulikofungwa, basi usilale nalo.

Pia lipo jambo ambalo gesi haiwezi: kuupalia wali. Wali wa nazi unataka makaa juu ya kifuniko. Anayesema mtu wa Lamu ataacha makaa siku moja hajawahi kula Ijumaa nyumbani kwetu.

Na mikoko, ambayo zaidi ya asilimia 60 ya ile iliyoko Kenya iko Lamu, inapungua kila tunapochoma bila hesabu.

Kwa hali yako

Uko ndani ya zile hatua 800, nyumba ni yako, na watoto wanasoma usiku: anza na umeme, redibodi kama nyumba ni ndogo, na balbu za LED tangu siku ya kwanza. Omba kulipa kidogo kidogo ili chama kikuachie cha nyaya.

Uko Ndau, Kiwayu, au ndani kabisa ya mashamba ya Hindi, na nguzo huioni: sola, baada ya jibu la ruzuku na la betri. Jiko la udongo linaweza kufuata zamu ijayo.

Umeme unao, lakini daftari linaonyesha jiko ndilo linalokula: usiongeze kifaa cha umeme bila kuhesabu yuniti. Kama unapika nafaka ngumu kila siku na bado uko mbali na yuniti 100, sufuria ya presha. Kama unakaanga au unapika biashara, gesi. Shangazi alifuata njia hii: mtungi wa kilo 6, jiko la udongo la kupalia wali, na fedha iliyobaki akaiweka kando kwa kujaza mtungi wa pili.

Unaishi na mzee wa kifua au mtoto mdogo: gesi, hata kama itabidi upike nayo nusu ya siku tu.

Kipato chako ni cha vibarua vya siku kwa siku: jiko la udongo kwanza, kwa sababu halikudai kitu siku usiyopata kazi.

Umepanga, mita ni ya pamoja: zungumza kwanza na mwenye nyumba na majirani kuhusu mita ya kila familia. Akikataa, nunua kile utakachoweza kukibeba kichwani au juu ya punda siku utakapohama.